Pilipili kali kwa mwenye presha: namna nilivyopunguza chumvi bila kuchukia chakula

Kama una presha, au kwenu ina historia ya kupita kwa wazazi na wajomba, ushauri wangu ni huu: kabla hujaanza kutafuta majani ya kuchemsha na unga wa kuagiza mtandaoni, ongeza pilipili kwenye sahani yako na upunguze chumvi. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Ukiongeza pilipili na chumvi ikabaki palepale, umejipatia ladha tu. Na kama daktari ameshakuandikia dawa, endelea nazo kama ulivyoelekezwa. Haya ninayoyasema ni ya jikoni, hayachukui nafasi ya dawa.

Upande wa mama yangu watu wazima karibu wote wana presha. Siku nilipopimwa na mashine ikasoma juu, nesi aliniambia neno ambalo kila mwenye presha ameambiwa: punguza chumvi. Namna ya kupunguza hakuna aliyenieleza. Asiyewahi kula maharage yaliyopungua chumvi ghafla hajui ugumu ulipo. Chakula kinapoa mdomoni, unatafuna kwa wajibu, na watoto wanasukuma sahani. Ndiyo maana watu wengi wakishaambiwa hivyo hujitahidi siku za mwanzo, kisha wanarudi walikotoka.

Kilichonisaidia ni pilipili na ndimu. Nilianza na mchuzi. Nakaanga vitunguu na nyanya kama kawaida, natia nusu ya chumvi tuliyozoea, na mchuzi ukishachemka naweka pilipili mbuzi moja nzima, iliyoiva, na kikonyo chake. Inaelea juu. Kazi ni kuilinda isipasuke: ukikoroga unapitisha mwiko pembeni, na ukiona ngozi yake imeanza kulegea na kukunjamana, unaitoa na kuiweka kwenye kisosi. Mchuzi unabaki na ile harufu ya pilipili mbuzi inayokaribia harufu ya tunda, na ukali kidogo tu ambao hata wasiopenda pilipili wanauvumilia. Anayetaka moto zaidi anaminya ile ya kwenye kisosi kwenye sahani yake. Ndimu naikamua mwisho, sufuria ikiwa imeshateremshwa. Ukali na uchachu vikikutana, ulimi hauulizi chumvi imekwenda wapi.

Baada ya wiki kadhaa ulimi wenyewe hubadilika. Chakula cha mgahawani ulichokuwa ukikiona cha kawaida unakiona kimezidi chumvi. Hapo ndipo unajua umefika.

Jambo hili halikuishia kwenye sufuria yangu. Mwaka 2017 watafiti wa China walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 600. Waliopenda zaidi vyakula vikali walikuwa wanakula chumvi kidogo kuliko wasiovipenda, na presha yao ilikuwa chini: tofauti ya karibu 8 kwenye namba ya juu na 5 kwenye namba ya chini. Walipowapiga baadhi yao picha za ubongo, waliona kwamba sehemu zinazoitikia chumvi ndizo hizohizo zinazoitikia ukali wa pilipili. Yaani pilipili inaufanya ubongo uisikie vizuri zaidi ile chumvi kidogo iliyomo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Humo imehesabiwa yote: ya mkate wa asubuhi, ya unga wa mchuzi wa pakiti, ya ng'onda, ya chipsi. Kwa hiyo ile unayonyunyizia mezani ndiyo ya kwanza kuondoka, maana ndiyo iliyo mkononi mwako.

Hapa nina angalizo kwa wapenzi wa mihogo. Ukienda Coco Beach pale Dar es Salaam jioni, au popote wanapouza mihogo ya kukaanga au ya kuchoma, muuzaji anaupasua muhogo katikati na kuupaka pilipili ya unga kutoka kwenye kibakuli. Kiangalie kile kibakuli vizuri. Mara nyingi kilichomo ni chumvi iliyotiwa rangi na pilipili. Embe bichi la kukatwakatwa ni hivyohivyo. Mimi huomba ndimu peke yake na pilipili mbichi au kachumbari, na wauzaji hawakatai. Chili sosi za chupa nazo soma lebo: nyingi zina chumvi na sukari nyingi, na pilipili imetajwa mbali chini ya orodha.

Tuje kwenye pilipili yenyewe. Nazungumzia pilipili kali: mbuzi, kichaa, na zile ndefu nyembamba za kijani na nyekundu. Hoho ni ndugu yao asiye na ukali, na pilipili manga ni mmea mwingine kabisa. Kinachowasha ni kapsaisini. Watu wengi huamini kwamba ukali uko kwenye mbegu, lakini uko kwenye ule utando mweupe unaozishikilia. Mbegu zinaambukizwa kwa kugusana nao. Ukitaka ladha na rangi bila moto mkali, pasua pilipili, kwangua utando wote kwa ncha ya kisu, kisha katakata iliyobaki.

Moto unaousikia mdomoni haukuunguzi. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake waligundua kwenye neva zetu kipokezi ambacho kazi yake ni kutoa taarifa ya joto linaloumiza, kuanzia nyuzi 43 hivi. Kapsaisini inakiwasha kipokezi hicho bila joto lolote kuwepo, mwili unaamini umeungua, ndiyo maana unatoka jasho na makamasi. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Faida yake kwako jikoni ni hii: kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukizidiwa, acha glasi ya maji, kunywa maziwa au mtindi. Mikono ikiwasha baada ya kukata pilipili, paka mafuta ya kula kwanza, sugua, ndipo unawe kwa sabuni. Na usiguse jicho.

Upande wa lishe, pilipili mbichi ina vitamini C nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gramu 100 za pilipili kali nyekundu zina miligramu kama 140, wakati chungwa la uzito huohuo lina kama 53. Hata Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini hiyo, aliipata kwa wingi kwenye pilipili za mji wa Szeged. Ni kweli hakuna anayekula gramu 100 za pilipili kali. Lakini kidogo kila siku kinafanya kazi, hasa kikikutana na maharage, kunde, mchicha au matembele. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida, na vitamini C inayasaidia kuingia. Kwa hiyo kachumbari mbichi yenye pilipili na ndimu pembeni ya maharage ina kazi kubwa, hasa kwa kina mama na mabinti wanaosumbuliwa na upungufu wa damu. Iwe mbichi, maana vitamini C hupungua ikipikwa.

Kuna tafiti kubwa mbili ambazo watu huzitaja sana. Ya China, iliyotolewa mwaka 2015, iliwafuatilia watu karibu 487,000. Waliokula vyakula vikali karibu kila siku walikuwa na uwezekano wa kufa katika kipindi hicho uliopungua kwa asilimia 14, ukilinganisha na waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Ya Italia, ya mwaka 2019, ilihusu watu 22,811, na waliokula pilipili zaidi ya mara nne kwa wiki uwezekano wao ulikuwa chini kwa asilimia 23. Nazichukua kwa uzito, lakini zisisomwe kupita zinavyosema. Watu walifuatiliwa tu na maisha yao, hawakugawiwa pilipili na wengine kunyimwa, kwa hiyo inawezekana walaji wa pilipili walikuwa na mazoea mengine mazuri. Anayekuambia pilipili inatibu moyo au inayeyusha kitambi anakuuzia kitu. Kweli inaufanya mwili uchome nishati kidogo zaidi, ila ni kidogo mno. Haifiki hata nusu ya chapati moja kwa siku.

Sasa vidonda vya tumbo. Hapa ndipo pilipili inaposingiziwa kuliko mahali pote, na jambo hili linaniuma kwa sababu limewatesa watu wangu. Mama yangu mdogo aliambiwa aache pilipili, akaacha kwa miaka. Akawa mtu wa uji na ndizi za kuchemsha, na tumbo likaendelea kumchoma usiku. Wakati wote huo goti likimuuma anameza diklofenaki ya kununua duka la dawa, mara nyingi hajala kitu. Kwenye zahanati alizopita aliulizwa kuhusu pilipili na limau. Kuhusu vidonge hakuulizwa. Alipokuja kupimwa kinyesi wakakuta bakteria, akapewa dozi ya antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, akaambiwa aachane na diklofenaki, na akapona.

Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua mwaka 1982 mjini Perth. Kwa kuwa madaktari wengi walikataa kuamini, mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao, akapata uvimbe wa tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Nobel. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofen na aspirini. Pilipili haivileti. Kidonda kikiwa wazi itakichokoza na utaumia, kwa hiyo iache mpaka upone. Lakini kuacha pilipili bila kupima ni kumwacha bakteria aendelee na kazi yake. Omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi, na mweleze daktari kila kidonge unachomeza, hata cha goti. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wapo ambao pilipili kweli haiwafai, nao wasilazimishwe. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara atajikuta kimezidi, hasa akila usiku na kulala. Mwenye bawasiri iliyochachamaa au mchaniko wa njia ya haja kubwa atapata adhabu chooni. Wenye utumbo unaochokozeka kwa urahisi vilevile. Mjamzito hadhuriki mtoto, ila kiungulia cha mimba kinaweza kumzuia mwenyewe. Watoto wadogo waachwe mpaka waombe wenyewe. Na mashindano ya vijana ya kula pilipili kali kupindukia ili warekodiwe, sioni heri yake yoyote. Watu wamelazwa kwa ajili hiyo.

Kuna jingine la hatari: kusugua pilipili mbichi kwenye ngozi kwa ajili ya maumivu. Nimeona mtu mwenye mkanda wa jeshi akifanyiwa hivyo, na ngozi ikachubuka vibaya. Kweli kapsaisini hutumika hospitalini kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwa bandeji maalumu yenye asilimia 8, lakini inabandikwa na mtaalamu, kwa muda uliopimwa, ngozi ikiwa imepona na kutiwa ganzi. Ya sokoni ibaki jikoni.

Kwenye kununua, pendelea pilipili nzima kuliko unga. Pilipili iliyokaushwa vibaya ikapata unyevu huota sumukuvu, na ikishasagwa huwezi kuiona. Unga pia huchanganywa vitu. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa za chakula kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan I. Nunua fresh, anika mwenyewe juani kwenye chekeche safi mpaka ukitikisa usikie mbegu zinagonga, kisha saga.

Ya kukaa mezani naitengeneza hivi. Konzi ya pilipili mbuzi, karoti moja, kitunguu maji kimoja, punje chache za kitunguu saumu. Vyote navikatakata na kuvichemsha kwenye nusu kikombe cha siki na maji kidogo mpaka karoti ilainike. Madirisha yawe wazi, maana mvuke wake unakohoza nyumba nzima. Vikipoa nasaga, narudisha jikoni vichemke tena, nakamulia ndimu mbili, na chumvi ni ya ncha ya kijiko tu. Naimimina kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, kisha friji. Siweki kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta na kukiacha kabatini, maana humo huweza kukua bakteria wa sumu hatari asiyetoa harufu. Andika tarehe kwenye chupa, chota kwa kijiko kikavu, na ukiona povu au kifuniko kimefura, mwaga yote.