Kuunga semi: vuta hendibreki, shuka, mulika

Barua nyingi mlizoniandikia safari hii ni za kuunga tela, na karibu zote zimetoka kwa watu wenye miaka yao barabarani. Hilo halinishangazi. Kazi hii hujifunzwa yadini kwa kumtazama dereva mkubwa, naye alimtazama mwenzake, kwa hiyo kosa moja la zamani linaweza kurithiwa na kampuni nzima. Leo najibu ya semi tu, yaani tela ambalo pua yake hulala juu ya sahani ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa (gari linalovuta), na pini iliyo chini ya pua hiyo, kingpini, huingia mdomoni mwa sahani na kubanwa na taya. Puling, lile tela linalovutwa kwa mkono wa chuma, ina mambo yake, tutaizungumza siku yake.

Shikamoo mwalimu. Nilirudi nyuma nikasikia kabisa kingpini imegonga na taya zimefunga. Nikavuta mbele kidogo, tela likaja. Pale getini nilipokata kona, tela likachomoka, likaangukia chesisi na kukata mipira yote ya upepo. Fundi amekagua sahani, anasema ni nzima. Ilikuwaje? (Dereva, Tunduma)

Marahaba, na pole sana. Kwa maelezo yako, kinachoelekea zaidi ni kwamba tela lilikuwa juu mno. Kingpini ina shingo nyembamba, na chini ya shingo kuna kisigino kinene. Taya zinatakiwa zikumbatie shingo. Tela likiwa juu, kingpini inaingia ikiwa inaning'inia, taya zinabana kisigino tu au hazibani kitu. Mlio utausikia vilevile, na ukivuta taratibu kwenye tambarare tela litakufuata. Ukikata kona au ukipanda tuta, linaachia.

Kwa hiyo kimo kiangaliwe kabla ya kuingia. Rudi mpaka ulikaribie tela, simama, vuta hendibreki, shuka uchungulie. Bamba la chini ya tela liwe chini ya usawa wa juu wa sahani kwa kiasi cha sentimita 5, ili ule mteremko wa nyuma ya sahani ulinyanyue tela unapoingia. Likiwa juu, zungusha miguu (zile nguzo mbili za mbele zinazolisimamisha tela likiwa peke yake) ulishushe. Kama kichwa chako kina springi za upepo, kishushe, ingia chini ya tela, kipandishe mpaka sahani iguse bamba, ndipo umalizie kurudi.

Halafu jaribu kuvuta: breki ya tela ikiwa imefungwa, gia ya chini kabisa, sogea mbele polepole mpaka uhisi tela limekukatalia. Rudia. Lakini usiishie hapo, maana hata tela lililobanwa kisigino linaweza kufaulu jaribio hilo. Vuta hendibreki, zima injini, chukua tochi, hata kama ni saa sita mchana, uiname umulike mdomo wa sahani kwa nyuma. Uione kingpini imekaa ndani, na taya au komeo limepita nyuma yake na kuziba njia. Tazama na ubavuni: bamba limelala juu ya sahani bila upenyo. Mwanga ukipita kati yake, fungua uanze upya. Mwisho, mkono wa kufungulia uwe umeingia wote mahali pake na kilipu yake ya usalama imekaa. Mkono uliobaki nje kuliko kawaida unakuambia kwamba komeo halijafika.

Miguu ya tela ipandishwe baada ya hayo yote. Ikiwa bado chini na muungano ukakataa, miguu ndiyo itakayolidaka tela.

Dereva alinituma nyuma ya kebini nichomeke mpira mwekundu. Miguu ya tela ilikuwa imeshapandishwa. Nilipouchomeka tu, gari zima likaanza kuteremka. Dereva alikuwa nyuma anafunga kibao cha namba, akakimbilia mlango. Lilisimama kwenye ukuta, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lawama zote amenipa mimi. (Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, Mombasa)

Mdogo wangu, kosa si lako. Hendibreki ya kichwa haikuvutwa, na kuivuta ilikuwa kazi ya dereva.

Mpira mwekundu ndio unaopeleka upepo kwenye matenki ya tela. Ukiwa haujachomekwa, breki za tela zinajifunga zenyewe, na kwa kuwa kichwa kimeshaungwa, tela linakishikilia nacho. Dereva anaona gari limetulia, anadhani amelifunga. Ukichomeka, upepo unapita, breki za tela zinaachia, na hapo hakuna tena kinachozuia mzigo wote ule kwenye mteremko.

Utaratibu ni huu, na hauna njia ya mkato. Dereva kabla hajatoka kebini avute hendibreki, azime injini, atie ufunguo mfukoni. Kisha mtu aende kwenye vitufe vya breki vya tela na kufunga breki ya kuegeshea. Kwenye matela mengi ya Ulaya ni kile chekundu, nacho huvutwa nje. Mpira mwekundu unafuata baada ya hapo. Wewe tanboi una haki ya kuuliza kwa sauti, "Hendibreki?", na usiguse mpira mpaka ujibiwe. Dereva akikasirika kwa swali hilo, mwonyeshe ukurasa huu.

Na ninyi madereva, nawasihi: gari lisilo na dereva likianza kutembea, msilikimbilie. Piga kelele watu wapishe, liache ligonge. Wapo waliokufa wakijaribu kurukia kebini, wakabanwa kati ya mlango na ukuta au gari la jirani.

Tena, kuchomoa mpira mwekundu si kuegesha tela. Matela ya zamani yasiyo na breki za springi (zinazofungwa na springi upepo ukiisha) yanashikiliwa na upepo uliobaki kwenye tenki. Upepo ukivuja, tela linabaki huru. Weka kabari kwenye tairi.

Tumepokea kichwa cha Kimarekani, mipira yake ni mwekundu na wa bluu. Tela letu ni la Ulaya, midomo yake ni nyekundu na njano. Tuunge vipi? (Fundi, Dar es Salaam)

Nyekundu kwa nyekundu. Bluu ya Wamarekani inafanya kazi ya njano: inapeleka upepo wa breki unapokanyaga pedali. Mtahitaji adapta, na hapo muwe macho, kwa sababu midomo ya Ulaya imetengenezwa ili wa njano ukatae kuingia kwenye mwekundu, na adapta inaweza kuondoa kinga hiyo. Mkiipishanisha mipira, mmoja mahali pa mwingine, tela lenye breki za springi litagoma kutembea, na huo ni usalama wenu. Tela la zamani lisilo na springi litatembea vizuri tu, ila halitakuwa na breki. Paka kila adapta rangi yake na mjaribu breki za tela mkiwa bado ndani ya yadi. Msisahau umeme pia: kichwa hicho ni cha volti 12, tela ni la volti 24. Bila kifaa cha kubadilisha umeme, taa zitafifia na mfumo wa kuzuia tairi kujifunga hautafanya kazi.

Kingpini ya tela langu imelika. Fundi anasema ataijaza kwa kuchomelea na kuisaga irudi saizi yake, bei ni nafuu sana. Nikubali? (Mwenye gari, Morogoro)

Usikubali, kaka. Kingpini imetengenezwa kwa chuma kilichofuliwa na kukomazwa kwa moto maalumu. Ukikichomelea unaharibu ule ukomavu, na nyufa zinaanzia ndani ambako jicho halifiki. Itarudi saizi, haitarudi nguvu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56. Sehemu kubwa ya uzito huo inavutwa kwa shingo ya kingpini yenye kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya. Ikishuka mpaka 49, ng'oa, weka mpya. Pima kwa venia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), na upime pande zote, kwa sababu hailiki sawasawa. Zikague pia taya kwa wakati huohuo. Kingpini mpya kwenye taya zilizochoka bado itagonga kila unapokanyaga breki.

Ninajua bei ya kipuri halisi inauma. Hata hivyo, kama huna fedha leo, lisimamishe tela mpaka uipate.

Yadi yetu ni udongo, na masika ikifika miguu ya tela inazama. Asubuhi tunalikuta limeinama mbele. (Dereva, Mbeya, naomba uniite dada, siyo kaka)

Sawa dada, na hongera kwa usukani. Weka mbao nene na pana chini ya kila mguu siku ya kuliacha tela, hasa lenye kontena lililojazwa mbele. Likishainama, usijaribu kulibeba kwa kulirudia kwa nguvu. Nyuma ya chesisi yako itagonga pua ya tela na miguu inaweza kupinda. Lipandishe kwanza kwa miguu juu ya mbao kavu. Mguu mmoja ukizama kuliko mwingine, tela linalala upande na sahani haitakaa sawa nalo. Kama miguu haiwezi kulinyanyua, tafuta winchi. Asiingie mtu chini.

Grisi ya sahani niweke mara ngapi? (Dereva, Dodoma)

Kwa vumbi la huko, cha kwanza ni kufuta ya zamani. Mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa kati ya sahani na bamba, na grisi kuukuu iliyogandamana mdomoni inaweza kuzuia taya zisifunge hadi mwisho. Kila unapoachia tela, chungulia sahani. Ukiona chuma kinang'aa kikavu, au usukani umeanza kuwa mzito kwenye kona, umechelewa. Sahani zenye bitana ya plastiki zina maelekezo yake. Hizo usizipake juu.