Maswali yenu juu ya kode za kurekebisha makosa: muulize umbali kwanza

Mwalimu, nimeandika programu ya Hamming (7,4), ile kode inayotuma biti 4 za ujumbe ndani ya biti 7 ili kosa likiingia njiani lirekebishwe, nikageuza biti mbili kwa makusudi, inanirudishia neno lingine kabisa. Kosa iko wapi? (Mwanafunzi, Bukavu)

Programu yako haina shida, ni wewe haukuuliza umbali. Narudilia kila mara: mbele ya kushika matrisi (zile meza za namba za kuhesabia kode), tafuta umbali mdogo wa kode, ni kusema idadi ndogo kabisa ya biti zinazotofautisha maneno yake mawili, na juu kode ni ya lineari (ukijumlisha maneno yake mawili unapata neno lake lingine) hauna haja ya kulinganisha maneno mawili mawili, tafuta tu neno lenye biti za 1 chache zaidi, ukiacha lile la sufuri tupu. Kwa Hamming utapata 3, njo maana inarekebisha kosa moja, basi. Sasa hesabu: maneno ni 16, kila neno na majirani wake 7 (wanaotofautiana nalo biti moja tu) wanakuwa 8, jumla 128, na biti 7 zinatoa 128 kamili. Hakuna nafasi inabaki, kwa hiyo ukitia makosa mawili dekoda, ile sehemu inayosoma na kurekebisha, haiwezi kukataa, inakupeleka kwa neno la jirani na kukuongezea kosa la tatu. Weka biti moja ya pariti (inayofanya hesabu ya biti za 1 iwe shufwa), umbali utafika 4, makosa mawili utayaona hata kama hautayarekebisha. Richard Hamming mwenyewe, aliyeunda kode hii, alieleza hiyo 1950 na bado watu wanairuka.

Sindromu, ile hesabu ya kupima neno lililopokelewa, ikitoka sufuri, ujumbe uko safi?

Hapana! Nimeshajibu hii sana. Kama makosa yenyewe yanaunda neno la kode, sindromu haioni kitu. Sufuri inasema umepokea neno la kode, haisemi ni lile walilotuma.

Mbona tusirudilie kila biti mara tatu?

Biti 4 zinakuwa 12, Hamming inatumia 7 kwa umbali uleule, na mega za internet munanunua wenyewe.

Niko na duka Birere, Goma, karatasi ya QR imeingia matope na simu bado inasoma. Inawezekanaje?

Ni kode ya Reed-Solomon, ya 1960, iko ndani ya QR. Inahesabu kwa baiti, kwa hiyo biti 8 zikiharibika ndani ya baiti moja ni kosa moja tu, doa la mahali pamoja inalivumilia. QR ina viwango vya ulinzi: L kinarudisha karibu 7% ikiharibika, H karibu 30%, ukichapisha ya duka chukua H. Ile miraba mitatu ya kona kode hailindi, usiiguse. Na mtu akibandika QR yake juu ya yako, simu itaisoma vizuri kabisa na pesa ya kliya itaenda kwake, basi angalia karatasi yako kila asubuhi, na kliya asome jina mbele ya kutuma.

Kode ya nini, antena ya nguvu haitoshi?

Mariner 9, chombo cha anga cha NASA, ilituma picha za Mars kuanzia 1971 kwa kode ya biti 32, ujumbe ndani ni 6 tu, umbali 16. Makosa 7 kwa kila neno yanarekebishwa. Kule juu nani angeiongezea nguvu?