Umeniuliza kama nilijua

Mikindani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, miwani puani, mlango nimeufunga. Unauliza kama nilijua siku zote kwamba wewe si mtu wa kuoa mwanamke. Unauliza leo, una miaka 49 na mvi! Ngoja kwanza nikupe habari ya Newala, maana uliisikia kwa shangazi yako, na yule huongeza chumvi.

Ilikuwa 2003. Daraja la Rufiji lilifunguliwa Agosti na harusi yako ilikuwa Oktoba, kwa hiyo kisingizio cha kukwama kivukoni hukuwa nacho tena. Tukapanda kule juu na lori la kukodi, tumevaa sare. Tukakungoja mpaka alasiri, pilau likapoa. Mama wa binti akaja na mkaja niliompa, umefungwa kwenye pindo la kanga vilevile nilivyoufunga kwa mkono wangu, akaniwekea mapajani mbele ya watu. Hakusema neno. Bora angenitukana. Kurudi, marehemu baba yako alihesabu mikorosho njia nzima.

Yule binti aliolewa baadaye, ana watoto wanne. Nikiwaona najisemea, afadhali mwanangu hakuja. Halafu najijibu, afadhali gani, na aibu ile? Hapo mpaka leo sijatoka.

Mimi mtu kula peke yake sipendi, nimewaambia tangu wadogo. Miaka yote hii ukipiga simu nakuuliza umekula na nani, nawe unanijibu umekula nini.

Sasa unasema yupo mtu, mwalimu mstaafu, na anakupikia. Huko Durban sheria inawaruhusu hata kuoana tangu 2006. Hapa ni jela, miaka 30 ndiyo ya chini, kwa hiyo haya usiniandikie kwenye simu, wajukuu wanaishika. Dini yangu unaijua. Nakuombea dua kila alfajiri, ila sikwambii naomba nini. Ulimi unaniwasha, mwanangu, lakini nimeukalia.

Ming'oko ya kuchemsha ingeharibika njiani. Aliyekuletea barua nimempa korosho, kilo mbili. Siku zote nakutumia moja, najua. Usianze kusema mama amekubali, mimi sijasema kitu. Kula peke yake tu ndiko nisikokutaka.

Na huyo mwalimu, meno ya kutafunia korosho bado anayo?

Mama yako