Abasia mbili zatosha kwa siku moja

Msomaji mmoja anayesoma York, Uingereza, ameuliza kama anaweza kuzunguka magofu ya makao manne ya kale ya watawa, yaani Rievaulx, Byland, Fountains na Mount Grace, kwa siku moja. Kwa gari atafika kote, lakini atakachokumbuka ni maegesho manne. Fountains peke yake inakula siku. Shika Rievaulx na Byland.

Rievaulx iendee asubuhi. Kama huna gari, basi la York linakufikisha mjini Helmsley. Kutoka hapo fuata njia ya miguu ya Cleveland Way, kilomita tano hivi. Jua saa ya basi la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Na usipotoshwe na jina: Rievaulx Terrace, bustani iliyo juu ya kilima, ina lango lake na tiketi yake, wala hakuna njia ya kuteremkia magofuni. Watu hulipa huko juu, wakaishia kuitazama abasia kwa mbali.

Watawa wa Cistercian, shirika la Kikatoliki lililojenga abasia hizi mbili, walijenga kwa mpango mmoja karibu kila mahali: kanisa, na ubavuni mwake ua wa mraba. Mashariki mwa ua pana ukumbi wa mikutano, bweni likiwa juu. Kusini chumba cha moto, bwalo na jiko. Magharibi waliishi mabruda, yaani ndugu walei waliofanya kazi za mikono. Ukiukariri huo, hata kuta za kimo cha goti zinasomeka. Rievaulx, iliyoanzishwa 1132, ndiyo huwachanganya watu, kwa kuwa bonde la mto Rye ni jembamba na kanisa likalazwa karibu kaskazini kwenda kusini. Kibao kikisema “mashariki”, dira ya simu itasema kusini. Achana na dira. Tafuta ilipokuwa altare kuu, hesabu pande kuanzia hapo.

Paa usilitafute. Abasia ilipofungwa mwaka 1538, chini ya Mfalme Henry wa Nane, madini ya risasi yaliyofunika mapaa yalibanduliwa na kuyeyushwa, mvua ikamalizia. Kwa hiyo hakuna pa kujikinga: koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, maana bonde lina upepo, na viatu viwe vya kushika nyasi zilizolowa.

Byland, dakika 20 hivi kwa gari kutoka Rievaulx, iache hadi alasiri, jua linapopiga uso wa magharibi wenye nusu ya dirisha la duara. Lilikuwa na upana wa mita 8 hivi. Watawa wa Byland wakati mmoja walikaa karibu na Rievaulx mno, milio ya kengele za nyumba mbili ikawa inagongana, ikabidi wahame. Hapa walifika 1177. Wengi hupiga picha ya dirisha na kuondoka. Ingia ndani, upande wa kusini: vigae vya kijani na manjano vya enzi zile bado vimo sakafuni. Pangusa matope viatuni kabla hujavikaribia.