Kabla hujatoa sababu: kwa wanaoanza kazi ya takwimu

Swali utakaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ni "kwa nini?" Kwa nini mauzo yameshuka mwezi huu, kwa nini tawi lile limepanda. Ukitoa sababu, aliyeuliza anaondoka ameridhika. Ukimwambia huenda hakuna sababu, anakutazama kama mtu anayekwepa kazi. Na sababu hazikosekani kamwe: mvua, likizo, meneja mpya.

Jaribu zoezi hili. Andika matokeo 20 ya kurusha sarafu uliyoyabuni kichwani, K kwa upande wa kichwa na N kwa upande wa nyuma. Halafu rusha sarafu kweli mara 20, uyaandike chini yake. Safu ya kubuni utaitambua mara moja: herufi zinapishana mno, kwa sababu mkono unaona aibu kuandika K nne mfululizo. Sarafu haina aibu hiyo. Katika mirusho 20, uwezekano wa kupata angalau nne mfululizo za upande mmoja ni karibu asilimia 77; tano mfululizo, karibu asilimia 46. Kwa hiyo ukiona wiki nne zilizofuatana juu ya wastani, usikimbilie kuandika ripoti.

Mtego mkubwa zaidi, na huu nimeona hata wakongwe wakinasa, ni jedwali lililopangwa kwa asilimia. Chukua shule ambazo kila mwanafunzi ana uwezekano uleule wa kufaulu, asilimia 80. Shule yenye watahiniwa 10 itafaulisha wote takriban mara 1 katika kila 10, bila mwalimu yeyote kufanya la ajabu. Yenye watahiniwa 100 haitafaulisha wote kamwe, tukisema kwa lugha ya kawaida. Basi ukipanga orodha, shule ndogo zitajaa kileleni, na watu watakwenda kuiga siri yao. Shuka sasa mpaka mkiani: huko nako ni shule ndogo. Mwanahisabati Abraham de Moivre alilieleza jambo hili kihisabati katika karne ya 18: kuyumba kwa wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, hivyo ukitaka kuyumba kupungue nusu, inabidi sampuli iwe mara nne. Mimi sisomi asilimia yoyote kabla ya kutazama safu ya idadi iliyo kando yake. Kama safu hiyo haipo, naiomba.

Tawi lililoshika mkia mwezi huu nalo kwa kawaida litapanda kidogo mwezi ujao, hata lisipoguswa, kwa sababu sehemu ya kushuka kwake ilikuwa bahati mbaya tu, na bahati mbaya haijirudii kila mwezi. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona jambo la namna hii katika urefu wa wazazi na watoto wao, kwamba watoto wa wazazi warefu sana au wafupi sana kwa kawaida huwa karibu zaidi na wastani, akalichapisha mwaka 1886. Atakayekuwa amelikaripia tawi hilo ataamini karipio lake limefanya kazi, na kumshawishi vinginevyo ni shughuli.

Kuna wanaodhani haya yote ni upungufu wa data tu, kwamba tukipima vizuri zaidi fumbo litafumbuka. Mara nyingi ni kweli. Lakini mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa huko Marekani, alirudia hesabu kwenye kompyuta yake kwa kuingiza 0.506 badala ya 0.506127. Milinganyo ilikuwa ileile, haina bahati nasibu ndani yake hata chembe. Mwanzoni matokeo yalifuatana na ya awali, kisha yakaachana kabisa. Hakuna chombo kitakachopima upepo wa dunia nzima kwa usahihi usio na kikomo, ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa wa siku kwa siku huishiwa nguvu baada ya wiki mbili hivi, ingawa kanuni zake zinajulikana.

Sasa, bosi bado amesimama anasubiri jibu. Usimpe hotuba kuhusu sarafu. Mchoree miezi 24 iliyopita kwenye mstari mmoja, weka alama kwenye mwezi anaoulizia, umwachie aone mwenyewe kama umetoka nje ya mawimbi ya kawaida. Akiendelea kudai sababu, mpe ile unayoidhania, ila iandike pamoja na tarehe, na useme kabla ya mwezi kwisha ni takwimu gani ikitokea itaonyesha kuwa si kweli.