Usianze na nyundo: nilivyobomoa deki yangu ya mbao

Mkuu, umesema nyumba uliyonunua huko Maryland ilijengwa 1996, deki ya nyuma inayumba, na Jumamosi umeita washkaji watatu waje na nyundo kubwa muimalize kabla ya jioni. Subiri kidogo. Mimi nipo Minnesota. Ya kwangu, futi 12 kwa 16 (deki ya kukalia nje, jukwaa la mbao lililofungwa kwenye nyumba, si ile ya kupiga kila asubuhi), niliibomoa mwenyewe miaka miwili iliyopita, na nilianza na akili hiyohiyo ya nyundo.

Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mbao zinapasuka, watoto wanashangilia dirishani. Nilipotua kunywa maji ndipo nikaona nilichofanya: mbao vipandevipande, misumari imebaki wima kwenye mbao za chini, mingine imetapakaa majanini. Mmoja ukapita soli ya raba ukanifikia. Jumamosi yangu ikaishia kwenye foleni ya sindano ya pepopunda.

Wiki iliyofuata niliazima msumeno wa umeme, ule ambao bledi yake inakwenda mbele na nyuma, nikaufunga bledi ya kukatia chuma. Unaichomeka kwenye upenyo kati ya ubao wa juu na ule unaoubeba, unakata msumari tu. Ubao unanyanyuka mzima, unaupanga pembeni. Kazi haina mbwembwe ila inakwenda.

Bomoa kinyume na fundi alivyojenga: reli, mbao za kukanyagia, kisha zinazobeba, boriti, mwisho nguzo. Ule ubao mrefu uliofungwa kwenye ukuta wa nyumba uache mpaka pasiwe na kitu kinachouegemea. Ukiufungua mapema, deki yote inashuka na wewe ukiwa juu yake.

Na hapo ukutani ndipo penye kesi yenyewe. Kwangu fundi wa zamani hakuweka bati la kuzuia maji juu ya ubao ule. Kwa nje ulikuwa mzima, rangi safi. Nilipougusa na bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini bila kusukuma, ikatoka na unga wa kahawia uliolowa, unanuka uyoga. Nyuma yake ukuta wa nyumba nao ulishaanza kuoza, eneo la kama viganja viwili. Kazi niliyoiita ya deki ikageuka ya ukuta kwanza. Kwa hiyo hela yote usiipeleke kwenye mbao mpya kabla hujaona pale pana nini.

Kuhusu mbao zako za zamani: kwa nyumba ya 1996, uwezekano ni mkubwa zimetiwa dawa yenye arseniki. Hapa Marekani viwanda viliacha kuzitengeneza kwa matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003. Shemeji yangu aliliona lundo akasema, "Kuni za bure hizi, tuchomee mbuzi." Nikamwambia, shemeji, moshi wake sumu, majivu yake sumu zaidi. Alinuna mpaka nikamnunulia mkaa. Ukizikata vaa barakoa, glavu na miwani, unga wake usiuache uwanjani. Zangu zote zilikwenda kwenye kontena la taka la kukodi, na niliwaambia wenye kontena kabla kwamba ni mbao za dawa, maana wengine hawapokei.

Nguzo sasa. Kabla hujatia jembe ardhini piga 811, namba ya simu ya kuomba waje kuonyesha nyaya na mabomba yaliyofukiwa, siku kadhaa kabla. Ni bure. Wanakuja kuchora rangi kwenye majani: nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji. Kwangu mstari wa njano ulipita hatua moja tu kutoka nguzo ya kona, nikaanza kuchimba kwa adabu. Nikakuta zege la zamani limeshuka futi mbili tu, wakati upande wetu linatakiwa futi tatu na nusu, lipite udongo unaoganda. Barafu ilikuwa inalisukuma juu kila mwaka, ndiyo maana deki iliinama. Kwenu baridi si kali hivyo, kina chake uliza ofisi ya vibali. Kibali utakihitaji vilevile, na mkaguzi kwa kawaida anataka aone mashimo kabla hujamwaga zege.

Ukifika kujenga, usirudie vyuma na misumari ya zamani. Dawa ya sasa ina shaba nyingi, inakula chuma cha kawaida. Chukua iliyozamishwa kwenye zinki au chuma kisichoshika kutu.

Mwisho pita na sumaku majanini mara mbili uokote misumari. Mimi nilipita mara moja, mashine ya nyasi ikaokota mingine.

Hao washkaji waje, ila wape kazi ya kubeba. Ukifungua pale ukutani piga picha uiweke hapa tuione.