Kimelea kilichoonekana kwanza Twitter
Je, picha ya mtandaoni inaweza kufichua kimelea kipya? Ndiyo, na imeshatokea. Ni kuvu inayoishi juu ya mwili wa jongoo wa Marekani, ikapewa jina Troglomyces twitteri mwaka 2020. Mwanabiolojia Ana Sofia Reboleira wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alikuwa anapitia Twitter, akaona picha ya jongoo mwenye vidoa vidogo karibu na kichwa. Wengi wetu tungevipita tukidhani ni vumbi! Ila picha peke yake haikutosha: ilibidi yeye na wenzake wachunguze kwa darubini majongoo waliohifadhiwa makumbusho, ndipo wakaikuta kuvu yenyewe. Ukipiga picha ya mdudu tafadhali andika mahali na tarehe, wataalamu wajue pa kuanzia.